Masharubu ya Muhula wa Pili

Mmeniomba, ninyi walimu mnaoanza, niwaandikie kidogo juu ya kufundisha darasa la kwanza. Nawaonya mapema kwamba mmemwomba mtu wa darasa la saba, aliyesomea ualimu kwa mpango wa UPE, ule wa kujifunza kazi huku tayari una watoto mbele yako. Mengi ya humu nimeyatoa kwenye madaftari yangu. Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishagongwa, niliandika mistari michache juu ya wiki iliyopita. Nikiyasoma leo naona kwamba pale nilipoandika kwa uhakika mkubwa ndipo mara nyingi nilipokosea, kwa hiyo na haya yasomeni kwa tahadhari.

Nianze na mambo madogo ambayo nina hakika nayo. Chaki mpya ivunje vipande viwili kabla ya kuandika, haitapiga kelele ubaoni. Mtoto anayelia siku ya kwanza usimwambie anyamaze, mpe kengele aishike, uone kama ataweza kulia na kushika kengele kwa pamoja. Kwa kuhesabia tumia visoda au vijiti, usitumie maharage. Mimi nilitumia maharage, na siku ya pili tu mtoto mmoja alikuwa na harage puani. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, likatoka. Niliporudi Sista Benedikta, mwalimu mkuu wetu, alikuwa ananingoja mlangoni.

"Mwalimu Asajile, somo la leo lilikuwa hesabu au kupanda mbegu?"

"Hesabu, Sista."

"Basi toa moja."

Huyo ndiye Sista Benedikta. Nitamsema sana humu, na ningependa mjue tangu sasa kwamba alikuwa mtu wa haki. Alikuwa mkali, lakini ukali wake aliugawa sawa kwa wote, na yeye mwenyewe akiwemo.

Shule yetu ilikuwa ya parokia, juu kidogo ya Tukuyu mjini. Ilifunguliwa katika miaka ile tuliyoiita ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na mitumba, na kanisa nalo likaruhusiwa kuwa na shule yake ya msingi. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya serikali ambako nchi nzima tulisoma kitabu kimoja, na kitabu hicho kimoja watoto watano. Ukimwita mtoto asome, alikuwa anaimba. Ungeweza kumpa hata kalenda, angekusomea ukurasa uleule wa baba kulima na mama kupika bila kukosea. Parokiani tulipata vitabu vya namna mbalimbali, kila mchapishaji na picha zake, na wazazi waliotaka watoto waongee Kiingereza ifikapo Pasaka. Kiingereza changu mwenyewe kilikuwa mbele ya watoto kwa wiki moja hivi. Jumapili nilijifunza wimbo kwenye kaseti, Jumatatu nikawafundisha. Sijui kama niliwadhulumu. Waliimba vizuri.

Kulikuwa na sheria moja mnayopaswa kuijua ili muelewe yaliyofuata. Mwezi wa kumi na moja darasa la kwanza lilipewa imla ya maneno kumi, na aliyeitoa ni mwalimu mkuu mwenyewe, si mwalimu wa darasa. Mtoto aliyepata chini ya matano alirudishwa shule ya serikali ya kijijini kwao. Nafasi zilikuwa chache na waombaji wengi. Siwezi kusema sheria ilikuwa ya ukatili. Wakati ule niliiona nzuri.

Na kulikuwa na jambo la pili, la kwetu hapa. Mtoto wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hamkazii macho mtu mzima. Akiitwa anasogea, anapiga goti, anaangalia chini. Mimi nililelewa hivyo, na nilihesabu kuwa ni sehemu ya kazi yangu kulea hivyo. Ninyi siku hizi mnawaambia watoto "nitazame ninapoongea." Sisi ilikuwa kinyume chake.

La tatu ni mvua. Hamhitaji kuelezwa mvua ya Rungwe, ila wengi wenu mnafundisha kwenye madarasa yenye dari. Letu lilikuwa na bati tupu. Mvua ikianza, hata ukipiga kelele mtoto wa dawati la kwanza anaona mdomo tu unafunguka. Mimi nilikuwa na desturi yangu: mvua ikishika, naweka chaki, naonyesha kwa mkono, watoto wanalaza vichwa kwenye madawati mpaka ipite. Walimu wenzangu wengi walifanya hivyo. Tulipoteza saa nyingi sana kwa njia hiyo, lakini watoto walipumzika na mimi nilipumzika.

Sasa, Tusekile. Aliletwa Januari na bibi yake, mama mmoja mfupi aliyeuza ndizi barabarani Kiwira. Wazazi hawakuwapo. Bibi alisema tu, "Mwalimu, huyu ni mwenzangu wa nyumbani. Ukimwona mvivu niite. Hawezi kuwa mvivu." Katika daftari langu la wiki ya tatu nimeandika hivi: "Tusekile ana bidii. Tabia mbaya moja, anakodolea macho. Nimemrekebisha."

Nilivyomrekebisha ni kwamba nilimshika kichwa kwa juu nikakiinamisha, taratibu, mbele ya wenzake, nikasema watoto wenye adabu wanatazama chini. Nilirudia mara kadhaa katika wiki zile. Alijifunza. Lakini alikuwa anaiba, anatazama juu kidogo na kurudi chini, kama kuku anywaye maji. Mwezi wa Juni alikuwa wa nane kati ya thelathini na tisa.

Juni hiyohiyo ulikuwapo mkutano wa wazazi. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sura ya kijana wa sekondari. Mzazi mmoja wa mjini, mtu wa viatu vya kung'aa, alinikuta napanga viti akaniambia, "We kijana, hebu niitie mwalimu wa darasa la kwanza." Nikamwambia ndiye mimi. Akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Likizo nzima nilifuga masharubu.

Yalikuwa makubwa, sina haja ya kuyapunguza. Yalishuka yakaufunika mdomo wa juu wote na sehemu ya wa chini. Shabani, kinyozi wangu wa Msasani, ile ya hapa Tukuyu, aliyachonga ncha kwa mkasi na akanigeuzia kioo.

"Hapo sasa, mwalimu. Hapo hata ukikosea hesabu watasema ni kitabu kimekosea."

Nilirudi Julai na wazazi wakanisalimu kwa heshima zaidi, hilo ni kweli. Katika daftari la Agosti nimeandika: "Tusekile ameshuka. Haitiki. Labda nyumbani kuna shida." La Septemba: "Tusekile, mzito." La Oktoba nimeandika jina lake tu na mstari chini yake. Mstari huo ulikuwa na maana kwamba ataondoka. Nilimpenda mtoto huyo na nilishaanza kuzoea kwamba hatakuwapo, mambo hayo mawili kwa pamoja. Alikuwa anakaa ameinamisha kichwa, amekunja mikono, mwenye adabu kuliko wote.

Siku ya imla Sista Benedikta aliingia na karatasi yake. Karatasi hiyo ilikuwa imekaa siku mbili katika droo ya meza yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kuinakili kwa mwandiko safi, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni kwangu. Alisimama mbele, akatoa neno la kwanza, "kuku." Watoto wakaandika. Kabla ya neno la pili mvua ikaanguka juu ya bati.

Nilimwashiria tusubiri. Alitikisa kichwa. Sista hakuwa mtu wa kubadili ratiba. Aliendelea kusoma, kwa sauti yake yote, kwa kinywa kilichofunguka vizuri kama afanyavyo mtu anayefundisha kwaya, neno moja mara tatu, na mimi niliyesimama hatua nne kutoka kwake sikupata hata silabi. Watoto wakaangaliana. Wengine waliandika walichokisia, wengine wakachora. Mmoja alilaza kichwa kwenye dawati kama nilivyomzoesha.

Tulisahihisha ofisini. Ilikuwa wazi kwamba imla hiyo haifai na itarudiwa. Sista alikubali mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba alipaswa kusubiri. Wengi walikuwa na moja, lile la kuku. Ndipo akafika kwenye daftari la Tusekile, akalihesabu mara mbili.

"Tisa," akasema.

Akanipa nione. Mtoto wa mwisho darasani, katika mvua ile, maneno tisa kati ya kumi.

"Mwalimu, karatasi ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo yangu, Sista."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Hakunishutumu. Aliuliza tu maneno hayo na kuyaacha mezani. Shuleni kwetu mwalimu aliyevujisha mtihani alifukuzwa, na mimi nilikuwa na cheti cha UPE ambacho shule nyingine zilianza kukikataa. Hapo nikasema jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari la wiki hiyo. Nalitaja hapa kwa mara ya kwanza. Nilisema, "Labda mtoto aliingia wakati wa mapumziko. Labda niliacha droo wazi."

Sikuwahi kuacha droo wazi. Nililijua hilo nikiwa nalisema.

Tusekile akaitwa. Alipiga goti mlangoni, akaangalia sakafu.

"Tusekile," Sista alisema, "nani alikuonyesha maneno?"

Kimya.

"Tusekile, nasema na wewe. Uliingia darasani?"

Mtoto aliangalia sakafu. Sista akanigeukia, "Ndivyo alivyo siku zote?" Nikasema ndivyo alivyo tangu Julai. Tukaona, wote wawili, kwamba kimya chake ni kukiri. Sista akaandika barua ya kumwita bibi yake kesho asubuhi, na alipoifunga niliona kwamba amehuzunika.

Bibi alikuja na mkungu mdogo wa ndizi kichwani, akauweka kwa ustaarabu nje ya mlango wa ofisi.

"Mwagonile, Sista. Mwagonile, mwalimu."

Tukamjibu ndaga, ndaga. Sista akamweleza yote kwa utaratibu: imla, mvua, maneno tisa, droo. Hakuongeza wala hakupunguza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamsogelea mjukuu wake, akamweka kidole kimoja chini ya kidevu, akamwinua uso. Akamwuliza kitu kwa Kinyakyusa. Alikiuliza kwa sauti ndogo mno, kama mtu anayesali, na mtoto ambaye kwa miezi mitano hakunijibu mimi nikipaza sauti alijibu palepale.

"Anasema hakuiba," bibi akasema. "Anasema Sista ndiye aliyemwambia."

"Nilimwambia lini?" Sista akauliza.

"Si jana? Unasoma, yeye anaandika."

Nilikuwa bado naangalia kile kidole. Nikauliza, zaidi ili niseme kitu, "Bibi, mbona unamshika kidevu ukiongea naye?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini analala kitandani.

"Nisipomwinua ataonaje ninachosema? Huyu aliugua masikio akiwa wa miaka miwili. Yalitoa usaha mpaka yakafa. Nilidhani mnajua. Si ninyi wasomi?"

Nje palikuwa na mtoto anapigisha mpira wa makaratasi ukutani, na mimi nilisikia kila pigo.

Sista ndiye aliyeinuka. Alipiga magoti mbele ya Tusekile, kanzu yake ikatandaa sakafuni, akamwinua kidevu kama bibi alivyofanya.

"Mimi unanielewa?"

"Ndiyo, Sista."

"Mbona mwalimu wako humjibu?"

Mtoto aliniibia jicho, akarudi kwa Sista. "Mdomo wa mwalimu umeota nyasi," akasema.

"We Tusekile," bibi akamkemea, kisha akanigeukia, "Nisamehe, mwalimu, hajafundwa." Nikamwambia amefundwa. Sista Benedikta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na sijui hata leo kama alikuwa anacheka.

Hakutuamini kwa maneno tu, na alikuwa na haki. Alitoka nje, akasimama nyuma ya kioo cha dirisha, akanipa ishara nimkalishe mtoto na daftari. Akasema maneno matano mapya bila kutoa sauti. Tusekile akaandika manne sawasawa. Lile la tano lilikuwa "bata," naye akaandika "mata." Nimekuja kujua baadaye kwamba kwenye midomo hizo herufi ni kitu kimoja, na hili mliweke akilini mkipata mtoto kama huyo. Halafu Sista akarudi ndani, akafunika kinywa kwa bahasha, akasema maneno mengine matano kwa sauti ya kawaida. Mtoto hakuandika hata moja. Alingoja tu, kalamu mkononi, na kichwa ameinamisha.

Jumatatu, mbele ya shule nzima, Sista alitangaza kwamba imla itarudiwa kwa kuwa yeye alikosea kuisoma katika mvua, na kwamba hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyefanya hila. Alijitaja yeye. Mimi hakunitaja. Yale niliyoyasema ofisini juu ya mapumziko na droo hakuyarudia kamwe, na sijui kama aliyasahau au alinihifadhia.

Mchana wa siku ya mkutano ule ofisini nilikuwa nimeshakwenda Msasani. Shabani alinikalisha, akashika wembe, akasita.

"Mwalimu, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nyoa."

"Yote?"

"Yote."

"Haya. Lakini nimeyatunza miezi mitano mimi. Na mimi nipewe pole."

Imla ya pili niliomba ruhusa kusimama kando ya Sista nione midomo yake, nijifunze. Tusekile alipata nane. Alibaki. Alimaliza darasa la saba pale kwetu akiwa kati ya wale wa katikati, si wa kwanza na si wa mwisho, na leo anashona nguo mjini. Nikipita hunisalimu.

Kwa upande wa kazi, hayo yalinibadilishia mambo manne, na haya ndiyo ningependa myachukue. Usiongee ukiwa umegeukia ubao. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Usitembee nyuma ya watoto ukisoma imla. Mtoto akishuka ghafla, usimuulize kwanza nini kimebadilika kwake, jiulize nini kimebadilika kwako. Na mvua ikija, usiwalaze. Mimi baada ya hapo nilifanya masomo ya mvua kuwa ya midomo tu, mimi nasema bila sauti nao wanakisia, na Tusekile aliwashinda wote, akawa anawacheka. Mara ya kwanza nilipomsikia anacheka ilikuwa wakati huo. Nasema nilimsikia, lakini kwa bati lile niliona tu.

Ningeweza kuishia hapa na ningeonekana mwalimu mzuri. Ila madaftari hayaishii hapo. Ijumaa ya wiki hiyo nilirudi nyuma kuyasoma yote, tangu siku nilipoanza parokiani, nikitafuta kama kuna mwingine. Nilitegemea kutokuta. Katika daftari la miaka miwili kabla ya Tusekile, wiki ya tano, kwa mwandiko wangu mzuri: "Bupe, wa Kisondela. Anakodolea watu wazima macho. Nimemrekebisha, sasa ana adabu." Na mwezi wa kumi na moja: "Bupe, mawili kati ya kumi. Amerudishwa."

Mwaka wa Bupe sikuwa na masharubu. Ilitosha kumwinamisha kichwa.

Nilimwonyesha Sista daftari. Aliisoma mistari hiyo miwili na kuniambia niende, na nikimkuta niseme nafasi ipo, hata kama ni mkubwa kuliko wenzake. Bupe alirudi kweli Januari, akakaa dawati la mbele na watoto waliomfikia begani, na alisoma. Hilo nimelitanguliza msije mkahangaika. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku yenyewe niliyokwenda.

Nilishuka Kisondela kwa miguu Jumamosi asubuhi. Nilielekezwa nyumba yao, migombani. Alikuwa peke yake uani, amenipa mgongo, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Nikabisha hodi. Nikabisha tena kwa sauti kubwa zaidi. Nikamwita kwa jina lake. Mikono yake iliendelea kumenya, bila haraka.

Nikamzunguka, nikasimama mbele yake, nikachuchumaa ili aone uso wangu. Alishtuka, akanitambua. Alitua kisu chini, akapiga goti. Nikafungua kinywa niseme.

Naye akainamisha macho, kama nilivyomfundisha.